Nyama Yenye Haina Mwenyewe

Buffalo, New York
Tarehe 23 mwezi wa kumi, 2016

Mpendwa shemeji yangu Mama Rakeli,

Jambo sana kutoka huku Buffalo. Unaamka namna gani? Macho yako inaona muzuri sasa, kisha ile operesheni? Na tension ya damu imeshuka? Rakeli aliniambia kwa simu siku ya yenga unaachaka dawa, juu unasema ni siku ya Mungu. Shemeji, dawa haijui siku ya yenga. Meza.

Miye niko muzima. Goti ya kuume tu inanisumbua, juu ya kusimama. Kazi iko palepale Tonawanda, kwenye machine ya plastiki. Masaa nane kila siku, miguu kwa simenti. Theluji bado, lakini baridi tayari. Asubuhi navaa makoti mbili na mudomo inatoa moshi sawa vile jiko.

Utajiuliza juu ya nini naandika na simu iko. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kwa simu unasemaka weye, miye nasikiliza. Ya pili, unawekaka simu kwa sauti kubwa na bamama ba kanisa beko hapo. Hii maneno haiko ya bamama ba kanisa. Unajua nilifika ya tatu primaire tu. Soma polepole, usicheke herufi.

Bon. Mwezi wa saba kazi ilifunga yenga mbili, siku kumi na ine, banatengeneza machine. Nilienda Louisville kwa mutoto yetu Séphora na bwana yake Aganze. Beko kwa fasi inaitwa Iroquois, karibu na parc kubwa yenye iko na kilima na pori juu yake. Nyumba ni ndogo, lakini nyuma kuko udongo. Udongo muzuri, mweusi. Nilichota kwa mukono nikanusa. Huku Buffalo miye nakaa kwa ghorofa, juu ya ngazi. Udongo naonaka kwa viatu tu.

Pale nyuma Séphora alipanda maharagi ya mama yenu. Unaijua: nyeupe, na jicho nyekundu. Bibi yangu Clémence, mudogo yako, aliitoa kwetu Walungu, Congo, ndani ya chupa na majivu. Kambini Nakivale akaipanda nyuma ya hema, akakugawia na weye. Wakati wa kupanda ndege akaishona kwa pindo ya kikwembe. Miye sikujua. Nilijua wakati tulishafika Buffalo, siku alitoboa ile pindo kwa mukasi na maharagi ikaanguka kwa sahani, pi, pi, pi. Nilimuambia tungefungwa. Akasema, «Tumefungwa?»

Mwaka jana, mbele ya kufa, alimupatia Séphora yote, juu miye sina shamba. Za kwako za Columbus zilioza na mvua, ulinielezea siku ya matanga. Donc ilibaki ya Séphora tu. Na mwaka huu alipanda yote. Hakubakisha hata moja kwa chupa. Nilimuambia ni kosa. Akasema mbegu ikilala miaka mingi inakufaka. Shamba ni yake.

Ilikuwa mistari tatu. Ilishafika kwa kiuno, inaanza kushika miti.

Siku ya ine asubuhi Séphora na Aganze balikuwa balishaenda dépôt, kwenye banapakiaka makartoni. Nilibaki na Margareta, mutoto yabo wa miaka sita. Nilitoka mulango ya nyuma na kikombe ya chai. Ndani ya maharagi kulikuwa nyama imesimama.

Sikuwa nimeona nyama ya vile. Mwili ni sawa ndama ya mwaka moja, miguu ni ya mbuzi, lakini mirefu na miembamba, unajiuliza inabeba ule mwili namna gani. Rangi ya karanga yenye wamekaanga. Pembe hakuna. Pua nyeusi, inaloa. Masikio ni makubwa, na kila moja inafanya kazi yake: moja inaniangalia, ingine inaangalia barabara. Kwa sikio ya kushoto kulikuwa kitu ya njano na numéro.

Shemeji, kwetu Walungu pori ilishaisha mbele nizaliwe. Miye nilikomaa na ng'ombe na mbuzi. Nyama ya pori nilionaka kwa soko tu, imeshakaushwa na moshi, haina kichwa. Kile nilijua ni hiki: nyama yenye inakimbia mutu ni ya pori. Yenye inasimama inakuangalia ni ya mutu. Na hii ilikuwa na numéro kwa sikio, sawa ng'ombe za projet ya bapadri. Nikasema, hii ni ya jirani, imekata kamba.

Margareta alikuwa kwa dirisha, anacheka, anasema maneno kwa Kiingereza. Nilimuambia afunge mulango.

Na weye unajua kawaida yetu. Nyama ya mutu ikiingia kwa shamba yako, haupige. Ukipiga, ukavunja muguu, kesi inageuka yako. Unamuita mwenyewe. Anakuja, anaona kwa macho yake kile imekula. Kisha analeta kasiksi, pombe ya ndizi, munakaa, munasikilizana, inaisha. Ndivyo baba yako alifanyaka na baba yangu, wakati mbuzi yetu ilikula mihogo yenu. Ndivyo hata miye nilimuona Clémence mara ya kwanza, anabeba viti.

Basi nikafanya vile. Nikaweka kikombe chini. Nikaita kwa nguvu, «Mwenye nyama! Mwenye nyama!» Mara tatu. Imbwa tu ilijibu. Ile nyama ikaendelea kula. Nikaenda kugonga kwa majirani.

Mulango ya kwanza alifungua muzee muzungu, ndevu mpaka kwa kifua, kaptula. Kiingereza yangu ni ya kazi: stop, box, break, okay. Nikaweka vidole mbili kwa kichwa sawa masikio, nikaonyesha nyumba ya Séphora, nikaonyesha tumbo ya ule muzee. Nilitaka kusema, ni yako? Akaniangalia sana. Akasema hapana, asante, akafunga. Nadhani aliona niko nauzisha kitu.

Mulango ya pili ni mama moja Mukenya, jina yake Nyaboke, anafanya kazi kwa hospitali. Alikuwa tu anatoka kazi, hajavua ile nguo ya bluu.

Nikamuambia, «Mama, samahani. Nyama yako iko kwa shamba ya mutoto yangu.»

«Nyama gani, mzee? Mimi sina hata paka.»

Nikamuelezea. Akavaa sandali, akakuja mpaka kwa kona ya nyumba, akachungulia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

«Mzee wangu, hiyo ni deer. Ni ya msitu, inatoka huko park. Haina mwenyewe.»

«Na ile numéro?»

«Kuna watu huzihesabu tu, wajue ziko ngapi.»

«Banahesabu kitu yenye haiko yabo?»

«Kwani wewe hujawahi kuhesabiwa, mzee?»

Kambini nilibeba numéro miaka kumi na mbili, na hakuna mutu aligonga mulango kuuliza mwenyewe ni nani.

«Enda uifukuze,» akasema, «imalize mboga ukipiga story hapa?»

Sasa nafika kwa kile yenye inanifanya niandike.

Nilirudi mbio, nikakamata fagio. Ilikuwa imeshamaliza mustari wa kwanza na wa pili. Ulibaki wa tatu, ule wa karibu na ukuta. Nilikuwa karibu nayo sawa kutoka kiti yako mpaka jiko yako. Nikainua fagio. Ikainua kichwa, jani moja inatoka kwa mudomo. Ikaniangalia. Miye nikaiangalia.

Shemeji, sikupiga. Sikupiga kelele. Nilijua sasa haina mwenyewe, kesi hakuna, na nilijua ile maharagi ni nini. Na nilisimama.

Nilitaka kuona inakula namna gani. Mbuzi inang'oa, unaijua, inaacha shimo. Hii haing'oi. Inakata juu tu, majani mbili tatu yenye iko laini, inaenda hatua moja, inakata ingine. Hairudie muti wenye imeshakata. Ni vile Clémence alikuwa anachuma mushogoro. Unakumbuka? Mukono moja kwa mugongo, vidole mbili, ncha tu, anasogea. Watu walikuwa wanachuma majani ya maharagi wanajaza kitunga mbio mbio, yeye hapana. Alisemaka ukichuma ncha, muti unakuheshimu.

Tangu afe sikuona tena mutu anachuma vile. Nikaangalia mpaka mustari wa tatu ukaisha. Chai ilipoa.

Kisha ikainua mukia. Chini ya mukia ni nyeupe, sawa kitambaa. Ikaruka lupango, ile fensi ya muzee wa ndevu, bila kukimbia, sawa mutu anaruka maji ya mvua. Na ingine mbili zikaamuka kwa majani, kumbe zilikuwa zimelala pale, sikuziona. Nilijiuliza zilianza kuniangalia saa ngapi.

Séphora alirudi saa kumi. Hakupiga kelele. Alisimama pale na sac yake kwa bega.

«Papa, ulikuwa wapi?»

Nikasema nilikuwa nalala.

Margareta akaniangalia. Nikaangalia viatu yangu.

Séphora akasema, «Ilikuwa ya mama.» Hiyo tu. Akaweka sac chini, akaanza kung'oa ile miti, apande mboga ya lengalenga. Pale ndipo nilifungua mudomo. Nikamuambia, usiguse. Mama yako alichuma mushogoro kwa hii maharagi kila yenga, na bado ilizaa, maharagi tulikula. Acha. Akaacha, lakini alikuwa na hasira. Ile jioni bugali tulikula kila mutu anaangalia sahani yake.

Kesho yake muzee wa ndevu alikuja na kartoni ya sabuni. Akasimama kwa mulango, akaweka vidole mbili kwa kichwa sawa vile miye nilifanya, akacheka. Alielewa wakati usiku mzima ulishapita. Alitufundisha kutoboa sabuni na kuifunga na kamba kwa miti, nyama haipendi harufu. Yeye na Aganze wakafunga. Shamba ikawa sawa fasi ya kufulia.

Sasa kosa yangu ya pili. Bus ya kurudi inapitia Columbus. Ilisimama dakika makumi ine. Nilishuka, nikakaa kwa banc ya station. Numéro yako nilikuwa nayo kwa mukono. Sikupiga. Nilijua utauliza maharagi iko namna gani, juu weye unaulizaka maharagi mbele ya kuuliza batu. Nilikunywa kahawa mubaya, nikapanda bus. Nilipita kwa mulango yako na sikugonga, miye mwenye niligonga kwa bazungu. Nisamehe.

Kisha kurudi, niliuliza kwa kazi juu ya hizi nyama. Chef wa timu yetu alisema anaziwindaka mwezi wa kumi na moja, lakini kwanza unaomba karatasi kwa serikali. Bila karatasi unalipa amende. Nikamuuliza, sasa si zina mwenyewe? Kama karatasi inatoka kwa serikali, ni za serikali. Ningegonga kule. Alicheka tu. Weye unaona namna gani? Na huko Columbus zinafikaka? Na wakati wa theluji zinakula nini? Zinalala wapi? Sijaona mutu wa kunielezea muzuri. Sasa naangalia kila fasi. Yenga iliyopita niliona alama za kwato kwa matope, nyuma ya parking ya kazi. Nilizifuata na sanduku ya chakula kwa mukono mpaka kwa fensi. Pale zinaisha. Iliruka.

Nirudilie maharagi.

Siku ya yenga iliyopita kulikuwa ndoa hapa. Baba Birindwa, wa kanisa ya Séphora, alikuja kutoka Louisville kwa ile ndoa. Akanipatia bahasha. Ndani kulikuwa karatasi imekunjwa, na ndani ya karatasi maharagi kumi na moja. Nyeupe, jicho nyekundu.

Ile miti ilitoa matawi chini ya fasi yenye ilikatwa. Nyama zilirudi tena mara mbili, sabuni ama hapana sabuni, na mingi ilikauka. Lakini ule mustari wa karibu na ukuta ulizaa. Séphora alivuna punje makumi mbili na tatu. Kumi na mbili amebakisha kwa chupa. Sasa anajua chupa.

Kwa karatasi aliandika hivi: «Papa, Margareta aliniambia tangu siku ile kwamba ulikuwa umesimama na fagio. Nilikuwa nangojea useme weye.»

Miezi tatu, Shemeji. Miezi tatu ule mutoto mwanamuke alikuwa ananiuliza kwa simu goti yangu inaendelea namna gani, na alikuwa anajua.

Nilitoka nje ya salle ya ndoa, nikamupigia. Nikamuambia yote, hata ya vidole mbili ya mama yake, hata ya mushogoro. Kisha akasema, «Ungekamata vidéo, Papa.»

Basi. Sasa ni kwako. Ile maharagi ilikuwa ya mama yenu, na mukubwa ni weye. Kwa kawaida anakuja mwenye nyama. Nyama haina mwenyewe, donc anakuja mwenye alisimama. Mwezi wa kumi na moja kazi inafunga siku ine, ile kongé ya dinde, wakati Bamerika banakulaka bata mzinga. Nitapanda bus nikuje. Kasiksi haiko huku. Nitaleta fanta kartoni moja. Tutakaa, utasema weye, miye nitasikiliza, sawa vile kwa simu. Unaweza kuita bamama ba kanisa kama unataka. Nimeshaandika, haya imepungua.

Ndani ya hii barua kuko kitu kidogo imefungwa na karatasi ya aluminium. Ni zote kumi na moja. Miye sina udongo. Nimeweka na majivu, ya makala ya choma ya ile ndoa. Ikimwagika kwa barua, usiseme Sipriani ni muchafu.

Nisalimie Rakeli na bwana yake, na ule mutoto yabo mupya mwenye sijabeba bado. Nisalimie Ezéchias, umuambie kazi ya barabara ni nzuri lakini avae gan kwa mikono. Salimia na kwaya yenu. Mungu akulinde macho, akushushie tension, na akupe udongo wenye haujai maji.

Ni miye shemeji yako, mwenye anakupenda hata kama alipita bila kugonga,

Sipriani

Nilisahau. Panda mwezi wa tano, fasi yenye unaona ukiwa kwa dirisha. Moja ibaki kwa chupa. Nyama ikikuja, usitafute mwenyewe. Ifukuze. Lakini iangalie kwanza kidogo.